Haipo, Haijaonekana

Mama aliyetunza masjala yetu hapa Mpanda alikuwa na kalamu ya wino mweusi na penseli aliyoichonga kwa wembe, na kwa miaka miwili niliziona mezani pake kila siku bila kujiuliza kwa nini ni mbili. Jalada likirudishwa, aliandika kwa wino. Jalada likitafutwa lisionekane, alitia duara dogo kwa penseli kando ya jina la mwenyewe, akaendelea na kazi zake. Nilidhani ni mazoea tu ya watu waliokulia kwenye karatasi. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya kompyuta, na moyoni nilikuwa nimeshaamua, bila kumwambia mtu, kwamba kazi yangu ni kuifanya penseli ile isihitajike tena.

Naandika haya kabla sijasahau namna nilivyokosea. Nimeona kwamba kosa likikaa sana huanza kujipamba. Mwenye nalo hulisimulia kila mara kwa namna inayompendeza zaidi, mpaka siku moja akajikuta anasimulia ushindi. Sitaki hili lifike huko.

Ofisi yetu ilihifadhi fomu za wakulima wa mkoa huu wa Katavi: Ikola na Karema kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mwese milimani, Katumba na Mishamo, Inyonga kwa warina asali, Sitalike mlangoni mwa hifadhi, Majimoto na Usevya upande wa Mpimbwe. Kila fomu ilipigwa picha ikaingizwa kwenye kompyuta, lakini si kwenye kompyuta moja. Nyingine zilikaa kwenye seva iliyo hapa mjini, nyingine Tabora, nyingine Dar es Salaam, kwa kadiri nafasi ilivyopatikana na fedha zilivyokuja. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameziunganisha seva hizo kwa mfumo wa mafaili uitwao AFS. Mfumo huo ulizaliwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, kwa ushirikiano na kampuni ya IBM. Herufi yake ya kwanza ni ya Andrew, jina la Andrew Carnegie na la Andrew Mellon, ambao chuo hicho kinaitwa kwa majina yao. Mwaka 2000 IBM iliufungua msimbo wake kwa watu wote, na tangu hapo mtu yeyote, hata aliye Mpanda, anaweza kuuchukua na kuutumia.

Uzuri wake ni kwamba anayetumia haoni seva. Anaona mti mmoja wa saraka, unaoanzia kwenye shina liitwalo /afs, na matawi yake yote yanaonekana kana kwamba yamo ndani ya mashine yake. Mafaili yamefungwa katika mafungu, na fungu likihamishwa kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam, njia ya kulifikia haibadiliki. Kuna daftari la ndani ambalo kazi yake ni kujua kila fungu linakaa seva gani. Faili ukishalisoma, nakala yake hubaki kwenye diski yako, na seva iliyokupa huweka ahadi kwamba faili likibadilishwa na mtu mwingine, itakuarifu. Kwa mji kama wetu, ambako mawasiliano ya mbali yana siku zake, mfumo wa namna hiyo ulikuwa na maana. Fundi yule aliondoka kabla sijafika, akaniachia karatasi nne za maelezo na nywila iliyoandikwa kwa mkono. Nilijifunza kidogo kidogo, na kwa kuwa kila nilipouliza nilijibiwa, nikaanza kuamini kwamba najua kuuliza.

Mwezi wa kumi wa mwaka wangu wa pili, mkuu wa ofisi aliuliza swali moja lililo rahisi kulitamka: fomu zote zilizoandikwa kwenye daftari la masjala, je, zimo kwenye mfumo? Mama alikuwa amekwisha kunipa orodha aliyoichapa mwenyewe, imepangwa kwa jina la mahali kisha kwa jina la mkulima. Nikaandika skripti fupi kwa lugha ya Python. Ilichukua kila jina katika orodha, ikatengeneza njia yake chini ya /afs, ikauliza kama faili lipo. Likiwepo, ililifungua na kuhesabu kurasa zake. Lisipokuwepo, iliandika neno moja: HAIPO. Mistari yote haikuzidi arobaini. Nakumbuka nilivyoipenda, kwa jinsi ilivyokuwa safi, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi kabla ya kuku kushuka.

Katika mistari hiyo kulikuwa na mmoja niliouongeza mwishoni. Amri za AFS nilizokuwa nikiziita kutoka ndani ya Python zilikuwa na tabia ya kunung'unika: hapa onyo, pale lalamiko, na malalamiko hayo yalichafua kioo changu. Mashine za Linux zina shimo maalumu la kutupia maneno yasiyotakiwa, na kila kinachoingia humo hakirudi. Nikaelekeza malalamiko yote huko. Sikuona kwamba nimefanya jambo kubwa. Niliona nimepunguza kelele.

Saa kumi na moja jioni nilijitambulisha kwa mfumo, nikapewa tiketi ya kuingilia, nikaiwasha skripti, nikaenda nyumbani. Joto la mwezi wa kumi lilikuwa bado limelala juu ya mabati. Asubuhi nilikuta kazi imekwisha na jumla imeandikwa chini: fomu 312, HAIPO. Sikuisoma orodha. Nasema hivi polepole kwa sababu ndicho kiini cha aibu yangu: nilisoma jumla tu. Namba ile ilikuwa na sura ya kitu kilichopimwa, na kitu kilichopimwa na mashine usiku kucha nilikiona kimeshamaliza kuulizwa. Nikaiandika kwenye taarifa, nikaipeleka kwa mkuu kabla ya chai.

Wanaofanya kazi maofisini wanajua kinachofuata. Mama aliitwa. Fomu zile zilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwangu, na yeye ndiye aliyesaini kuzipokea. Alipewa barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi katika muda wa siku tatu. Nilimwona akitoka na bahasha ya kaki mkononi, akapita mbele ya mlango wangu. Nikasema, "Shikamoo, Mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ileile ya kila siku, akaingia stoo ya masanduku. Alishinda humo siku mbili. Nilisikia masanduku yakivutwa sakafuni. Sikuinuka kumsaidia. Nilijiambia kwamba kuingilia kungeharibu uchunguzi, na neno hilo, uchunguzi, lilinipa usingizi ambao sikuustahili.

Siku ya tatu alikuja mezani kwangu. Hakuja na hasira. Alikuwa na orodha ileile, ameomba ichapwe yote, ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kila HAIPO alikuwa ametia duara lake dogo la penseli.

"Mwanangu," akasema, "hebu nisaidie kusoma hapa, macho yangu huenda yananidanganya. Ukiacha hawa watano waliotawanyika huku mwanzoni, watu wote wapo. Ikola wapo, Inyonga wapo, Katumba wapo. Sitalike wapo mpaka herufi L. Kuanzia M hayupo hata mmoja, na Usevya nzima hakuna mtu. Sasa mimi najiuliza, ni mwizi gani huyu anayeiba kwa kufuata alfabeti?"

Nilitazama. Sijui kama niliyoyaona yalinichukua sekunde au dakika. Kulikuwa na mstari, kama mstari wa maji ukutani baada ya mafuriko: juu yake kila kitu, chini yake hakuna kitu. Karatasi hazipotei hivyo. Karatasi hupotea moja hapa, mbili pale, zikiliwa na mchwa, zikisahauliwa kwenye gari, zikiingia jalada la jirani. Kilichokatika kwa unyoofu ule hakikuwa fomu za watu. Ni kuona kwangu ndiko kulikokatika.

Nilifungua kumbukumbu za usiku ule, nikasoma nilichopaswa kusoma siku tatu kabla. Tiketi zetu zilikuwa na maisha ya saa kumi. Niliyoichukua saa kumi na moja jioni ilikufa saa tisa usiku, na skripti ilikuwa bado iko Sitalike. AFS haimfukuzi mtu ambaye tiketi yake imekufa. Humwacha pale pale na kumhesabu kama mpita njia yeyote, mwenye haki za mpita njia. Saraka zetu hazikuwa za wapita njia. Kwa hiyo kila skripti ilipouliza, "Je, fulani yupo?", jibu la kweli la mfumo lilikuwa, "Huna ruhusa ya kujua." Lakini mimi nilikuwa nimetumia chombo cha Python kiitwacho os.path.exists, chenye majibu mawili tu, ndiyo na siyo. Kikinyimwa ruhusa, hujibu siyo. Waliotengeneza lugha hiyo hawakunificha: limeandikwa wazi katika mwongozo wake kwamba jibu linaweza kuwa siyo hata kama faili lipo, ikiwa aliyeuliza hana ruhusa. Mwongozo nilikuwa nao. Na lalamiko la mfumo lenyewe, ambalo lingenizindua, nilikuwa nimelichimbia shimo kwa mikono yangu.

Kuna jambo moja katika kumbukumbu zile ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko yote. Kabla ya saa tisa, skripti ilikuwa ikitembea polepole, fomu moja baada ya nyingine, kwa sababu kila iliyoiona iliifungua, na nyingine ziko Dar es Salaam. Baada ya saa tisa ilimaliza majina yote yaliyobaki kwa sekunde chache. Ilipoacha kuona, ilipata mbio. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi pia siko hivyo: kama hukumu zangu za haraka zaidi juu ya watu si zile nilizozitoa baada ya tiketi yangu kufa, nikiwa nje ya mlango, nisijue kwamba niko nje.

Nilijifunza siku zile kwamba mashine haikuwa imenidanganya. Ni mimi niliyeipunguzia maneno. Ukiuliza kwa njia iliyo wazi zaidi, ukauachia mfumo useme kwa nini umeshindwa, Linux hukujibu kwa namba. Namba 2 maana yake hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Namba 13 maana yake huna ruhusa. Namba 110 maana yake muda wa kungoja umekwisha: niliita, seva haikuitika. Ni majibu matatu yaliyo mbali kama Karema ilivyo mbali na Inyonga, na Python inayo majina tofauti kwa kila moja. Mimi niliyaviringisha yote matatu katika neno HAIPO, kisha nikaliweka neno hilo mikononi mwa mtu mwenye uwezo wa kuandika barua.

Natamani niandike kwamba niliinuka mara moja nikaenda kwa mkuu. Sikuinuka. Nilimwambia Mama, "Ngoja nitazame vizuri," naye akarudi kwenye masanduku yake. Nikatengeneza skripti upya kimyakimya, nikitumaini kwamba jumla mpya ikitoka ndogo, ile ya kwanza itafutika yenyewe bila mtu kuuliza ilitoka wapi. Nilikaa na ukweli siku nzima na usiku mmoja. Usiku ule nilielewa kitu kuhusu ile ahadi ya AFS niliyoitaja, ya seva kumwarifu mwenye nakala pale jambo linapobadilika. Mashine ile, ikikaa kimya, wengine wanaendelea kusoma nakala ya zamani wakiamini ndiyo hali halisi. Mkuu wa ofisi alikuwa na nakala yangu. Wenzetu walikuwa na nakala yangu. Niliona wanavyomsalimia Mama kwa ufupi kuliko zamani. Aliyepaswa kuwaarifu kwamba imebadilika ni mimi, nami nilikuwa nimelala macho nikihesabu mabati.

Asubuhi nilikwenda. Nilieleza tiketi, saa tisa, chombo chenye majibu mawili. Mkuu alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo fomu zipo?" Nikasema, "Sijui bado. Ninachojua ni kwamba sikuwa na haki ya kusema hazipo." Halafu nikaenda masjala. Mama alinisikiliza bila kuacha kupanga karatasi. Nilipomaliza kuomba radhi alinyamaza muda, akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini ile barua yangu ya kujieleza imeshaingia kwenye jalada langu, na kinachoingia kwenye jalada la mtumishi hakitoki." Alikuwa sahihi. Nilichoweza kufanya ni kuandika barua yangu mwenyewe ikakaa nyuma ya yake, ili atakayelifungua jalada lile siku nyingine, akisoma ukurasa mmoja, afunue na wa pili. Sina hakika kwamba watu hufunua ukurasa wa pili. Mimi mwenyewe sikuufunua.

Tangu hapo nimekuwa nikiisikiliza lugha yangu kwa namna ambayo shule haikunifundisha. Tunasema haipo, na tunasema haijaonekana, na kati ya hizo mbili kuna silabi moja tu iliyobeba kitu kizito. Ile -ja- haikatai. Inasimama mlangoni na taa. Mtu akiuliza garimoshi katika kituo chetu, kwenye tawi hili la reli linalotoka Kaliua, lililowekwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi uliokuwa hapa, hataambiwa kwamba garimoshi hakuna. Ataambiwa halijafika, naye atakaa juu ya mzigo wake. Na mgeni anayepita Hifadhi ya Katavi mwishoni mwa kiangazi anaweza kutafuta Ziwa Katavi asione ziwa, akaona uwanda wa nyasi kavu na viboko waliobanana katika tope la mto Katuma. Akirudi kwao akasema hakuna ziwa, atakuwa amesema alichokiona kwa macho yake. Kosa lake ni kutotaja mwezi.

Ndiyo maana sasa najiuliza kwa nini mimi, niliyezaliwa ndani ya lugha yenye -ja-, nilipoandika skripti yangu nilichagua HAIPO. Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilikuwa langu, la Kiswahili, nililiandika kwa vidole vyangu. Nadhani ni kwa sababu haipo humaliza kazi. Haijaonekana huacha deni: nani ataitafuta, lini, wapi ambako hapajatazamwa? Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kitu kilichokwisha.

Mwezi uliofuata nilikwenda Inyonga kumsalimia mjomba, ndugu yake mama yangu, ambaye ana mizinga msituni tangu kabla sijazaliwa. Sikwenda kutafuta funzo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu, na kwa sababu ofisini palikuwa pameanza kunibana. Jioni alikaa na vijana wake wakatoa hesabu ya mizinga, na nilisikia jinsi walivyosema. Huu nimeupanda, mtupu. Huu nimeukuta na nyuki lakini masega bado machanga. Huu sikuufikia, tembo walikuwa njiani. Huu sijaupanda, kamba imeoza. Hakuna aliyethubutu kuutaja mzinga ambao hakuupanda kuwa mtupu. Kijana mmoja alijaribu kusema wa ng'ambo ya mto "hauna kitu", na mjomba akamuuliza kwa upole, "Uliingiza mkono?" Kijana akanyamaza, akasema, "Hapana, mjomba. Niliusikiliza tu kutoka chini." "Basi sema hivyo."

Basi sema hivyo. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, ingawa najua ningeweza kuyatukuza kupita kiasi. Mjomba naye ana mizinga aliyoiita mitupu miaka mingi iliyopita ambayo hajarudi kuitazama tena. Hata aliyeingiza mkono huingiza siku moja, na nyuki huhama na kurudi. Sijui jibu la mwisho ni la nani.

Skripti ya pili ilikuwa ndefu mara tatu kuliko ya kwanza na haikuwa nzuri kuitazama. Niliipa safu nne badala ya mbili: ipo, hakuna jina hilo, sikuruhusiwa, sikuitikiwa. Kila jibu niliandika saa lilipopatikana na tiketi ya nani ilitumika kuuliza. Nilifunga ile njia ya shimoni; malalamiko yote sasa yanaandikwa mahali pa kusomwa. Kuna programu ndogo, k5start, ambayo kazi yake ni kuhuisha tiketi kabla haijafa, nayo nikaiweka. Nikaiwasha tena. Katikati ya siku mawasiliano ya Dar es Salaam yalikatika, na kwa mara ya kwanza nikaiona 110 ikijaza kioo, mstari baada ya mstari, bila kujificha nyuma ya neno lingine. Zamani ningeudhika. Siku ile nilikaa nikaitazama kwa kitu kilicho karibu na shukrani, kisha nikangoja mpaka mawasiliano yakarudi, nikauliza upya zile tu ambazo hazikuitikiwa.

Kati ya 312 zilibaki tisa, zote kwa namba 2: hakuna jina hilo. Nikamwendea Mama, safari hii na orodha nzima, nikakaa upande wake wa meza. Tatu alizitambua mara moja. Katika daftari mahali palikuwa pameandikwa Kalema, kwenye saraka zetu ni Karema. Kijiji kile cha kandoni mwa ziwa, ambako Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na Wamisionari wa Afrika wakakipokea mwaka 1885, kimeandikwa kwa r na kwa l na watu mbalimbali tangu zamani, na wazee bado hulitamka jina lake kila mmoja kwa ulimi wake. Nne nyingine, za Sitalike na Usevya, zilikuwa majina ya watu yaliyopatwa na jambo hilohilo. Ya nane ilikutwa sandukuni, haijawahi kupigwa picha. Kwa hiyo hata namba 2, niliyoiona kuwa ndiyo hakika kuliko zote, ilikuwa imejibu kwa ukweli swali nililouliza, si swali nililokuwa nalo moyoni. Nilimuulizia mtu kwa jina ambalo si lake, nikaambiwa hayupo.

Ya tisa haikuonekana. Ilikuwa ya mkulima wa Mishamo.

Miezi minne baadaye alikuja mwenyewe. Mzee mrefu, kofia mkononi, amesafiri tangu alfajiri. Alikuwa mmoja wa wale walioingia nchini kutoka Burundi mwaka 1972, na alikuwa na makaratasi yake yote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, pamoja na cheti cha uraia, vile vyeti vilivyoanza kukabidhiwa mwaka 2014 kwa watu waliokwisha kuishi hapa zaidi ya miaka arobaini. Alikitoa bila kuombwa. Nadhani ni mtu aliyejifunza kwamba mbele ya dirisha la ofisi, mtu ni karatasi yake. Aliuliza fomu yake.

Nikasema, kwa uangalifu wote niliokuwa nimeupata kwa gharama ya mtu mwingine, "Haijaonekana, mzee. Hatujaacha kuitafuta."

Akanitazama. "Kijana," akasema, "na kama ungeniambia haipo, leo ningerudi na nini tofauti?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitunza ile silabi kama kitu cha thamani, na ilikuwa ya thamani kwangu, na kwa Mama huenda ingeokoa siku mbili za kuvuta masanduku. Kwa mzee huyu haikuwa chakula wala pembejeo. Atapanda gari na -ja- yangu mfukoni, na mahindi yake hayatajua tofauti. Nilitambua kwamba kusema kweli kuhusu nisichokiona ni nusu ya kazi, tena ile nusu inayonisafisha mimi. Nusu nyingine ni miguu.

Nilichukua fomu mpya. Tuliijaza pamoja, polepole, nikimwomba anitajie kila jina herufi kwa herufi, na alipofika jina la baba yake alisita, akasema kule kwao liliandikwa hivi, huku likaandikwa vile. Nikaandika yote mawili. Nilipiga picha ile fomu akiwa bado amekaa, nikaigeuza mashine aone jina lake limekaa ndani ya mti wa saraka, akalisoma kwa midomo bila sauti. Kisha akafunga mfuko wake kwa mpira, akaaga.

Mama alistaafu mwaka jana. Fomu ya kwanza ya mzee yule sikuifuta kwenye orodha, ingawa nafasi yake imejazwa. Kila Jumatatu usiku skripti huiulizia tena, kwa majina yote mawili, ikiwa na tiketi iliyo hai. Jumatatu hii ilijibu namba 2, saa nne na dakika kumi na saba. Nimeandika saa, nimeandika ni mimi niliyeuliza.